Nukta

Kazi yangu ni kushika miguu ya watu.
Miaka kumi na tisa, Likoni hadi Kisauni,
nimeilaza mapajani mwangu miguu ya maharusi,
ya mawifi, ya waliotoka edani.
Naujua mguu wa mwenye homa,
mguu wa mwenye mimba asiyesema,
mguu wa aliyeozwa asipotaka.
Mguu unaokufa mwenyewe yu macho
nilikuwa sijaushika.

Usiku wa kuamkia Idi, saa mbili na robo,
wa kushoto umekwisha, wa kulia ungali mtupu,
shangazi Mwanahalima akapiga ukelele mmoja
kama aliyekanyaga msumari.
"Guu, Barke! Guu lanikatika!"

Hina mbichi hupoza, nikajiambia.
Lakini hina haipozi hadi gotini.
Mwezi ambao hata sakafu yatoka jasho,
mguu ulikuwa baridi kama chupa ya frijini,
na kati ya majani niliyoyachora
ngozi imekuwa rangi ya nta.
Nikabonyeza kidole gumba, nikaachia.
Wekundu haukurudi.
Nikahesabu hadi ishirini.
"Vinyanyue vidole, shangazi."
Akavitazama kama watoto wa jirani
wanaoitwa wasiitike.

Bi Khole akaingia na beseni la maji moto,
mafuta ya karafuu kwapani.
"Baridi yabisi hiyo. Tuukande."
Nikampokonya beseni, nikamwaga uani.
Sikuwa na adabu, Mungu anisamehe.
Mguu usio na damu hauungui ukalia,
huungua kimya.
Usikandwe, usichomwe, usipandishwe juu ya mito.
Shuka moja, na njia.

Vidonge vya moyo aliviacha tangu Shaabani.
Moyo wake hupiga ovyo, kama ngoma ya mtoto,
na moyo wa hivyo hugandisha tone,
kisha hulitema, liende litakakokwama.
Hayo niliambiwa baadaye.
Wakati ule nilijua saa tu.

Mkwewe Mwero alileta tuktuk.
Foleni ya feri imefika kituo cha mafuta,
watu na mifuko ya nguo mpya.
Akashuka, akasema na mlinzi, sijui alimwambia nini.
Lango likafunguka. Wako waliotutukana.
Katikati ya maji shangazi akaacha kulia.
Nikafurahi, mjinga mimi.
Maumivu hayakupona. Mguu ulikuwa umeanza kunyamaza.

Daktari Mwachofi alitafuta mpigo kinenani: upo.
Nyuma ya goti: hakuna.
Mgongoni mwa mguu, juu ya hina yangu: hakuna.
Akaweka kijidude kinachosikiliza damu,
kikatoa mvumo wa redio isiyopata stesheni.
"Tangu saa ngapi?"
Nikamwambia, na robo yake.
"Basi tujaribu kabla ya saa nane,"
na sindano ya kuzuia damu isigande
ilikuwa imekwisha kuingia.

Walipasua kinenani, wakapitisha mrija mwembamba
wenye kipulizo nchani,
ukaenda mbele ya donge, ukatuna, ukavutwa.
Alfajiri, takbiri zikisikika, akanionyesha kikopo:
kitu cheusi, kirefu kuliko kidole changu cha shahada,
chang'aa, chatikisika.
Halua. Ndilo neno lililonijia, siku ya Idi.
Sijaila tangu hapo.

Si vyote vilivyorudi.
Damu ilipofunguliwa, shavu la mguu likavimba,
wakalipasua pande mbili nyama ipumue.
Kidole cha mwisho kikawa mkaa,
kikaondoka na nusu ya jani langu.
Lakini muuguzi Nadzua aliusikia mpigo,
fwa, fwa, kama mtu afuaye kanga,
akatia alama ya biro pale pale,
na kila saa akarudi kupasikiliza.

Mwezi wa pili alikuja na gongo.
"Nimalizie wa kulia. Na huu."
Vidole tisa. Nikamwuliza ua gani.
"Lolote. Ila hapa," biro imekwisha kufutika,
"weka nukta. Mtu akija usiku asitafute."

Nikaiweka.
Nikangoja ikauke, nayo ikawa
yanyanyuka, yashuka,
yanyanyuka.